Bi Mkubwa hakuharisha

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, simu nimeing'ata kwa meno tochi ikiwaka, mkono mmoja umeshika mlango wa banda la watoto wa sungura na mwingine unapapasa kwenye kona, maana huko ndo wanakojikunyata wakiwa hawajisikii vizuri. Nikagusa mmoja. Wa baridi.

Wa tatu tangu Jumapili.

Wa pembeni yake alikuwa hai bado, kajikunja mgongo umepanda juu, tumbo limejaa kama puto la maji, na kuna kisauti nikadhani panya anatafuna ubao. Nikasogeza sikio. Alikuwa anasaga meno. Baadaye nikaja kusoma kwamba sungura husaga meno vile akiwa na maumivu, ila asubuhi ile sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Banda la jirani, kama nusu mita hivi, mama yao Bi Mkubwa anatafuna majani ya viazi kama hakuna msiba.

Nikamkasirikia. Najua ni ujinga kumkasirikia sungura lakini ndo hivyo, nilisimama pale na kitoto cha baridi mkononi nikimwangalia anavyotafuna na nikasema kwa sauti kabisa, hivi wewe huumwi?

Hilo swali halikuniacha kwa wiki sita. Majani yaleyale, maji ya ndoo ileile, mikono yangu ileile inayowagusa wote, watoto wanane wamebaki watatu, na yeye hata siku moja hajaharisha.

## Chumvi, chujio la chai, kioo

Wafugaji wenzangu mnajua jina la ugonjwa kabla sijaandika. Kokisidia, kuhara kunakoletwa na vidudu vya seli moja vinavyoishi ndani ya mwili. Sitawachosha na dalili, kila mtu aliyefuga sungura kwenye mvua ameshaziona, na kila mtu ana jirani wa kumwambia "hao umewapa majani yenye umande".

Mimi nilitaka kuona. Nikachukua vibiriti viwili vitupu, kimoja nikaweka kinyesi cha watoto, kingine cha Bi Mkubwa, huyo nikiwa nampeleka kama shahidi wa upande wangu, yaani nionyeshe kuwa yeye ni msafi na tatizo liko kwa watoto. Nikapanda daladala navyo kwenye pochi. Samahani sana kwa aliyekaa pembeni yangu.

Kijana wa maabara akavisaga kwenye kinu kidogo na maji yaliyokolea chumvi mpaka chumvi haiyeyuki tena, akachuja kwa chujio la chai (la chai kabisa, lile la plastiki la sokoni), akajaza kwenye kijichupa mpaka juu maji yakatuna, akaweka kipande cha kioo juu. Tukasubiri robo saa. Maji ya chumvi ni mazito, uchafu unazama, mayai ya vijidudu yanaelea na kunata kwenye kioo.

"Haya dada, njoo."

Nikachungulia kwenye darubini. Ya watoto yalikuwa mengi hadi nikasikia kichefuchefu. Vitu vya duara refu, ukuta mwembamba unaong'aa, katikati kuna donge kama kiini. Akanionyesha yenye umbo la pea, na mengine yenye kitu kama kola kwenye ncha moja, akasema hizi ni aina tofauti zimechanganyika. Sungura ana aina kama 11 za Eimeria, ndo jina la hivyo vidudu, 10 zinakaa kwenye utumbo na moja inakwenda kwenye ini.

Hiyo ya ini ina historia yake, naomba nichepuke kidogo. Mwaka 1674 yule Mholanzi Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft aliyekuwa anajitengenezea darubini mwenyewe, alichungulia nyongo ya sungura mzee akakuta vitu vya umbo la yai. Hakujua ameona nini. Wanaofuatilia mambo haya wanaamini ndo ilikuwa mara ya kwanza binadamu kumwona kimelea wa seli moja. Kwa hiyo kabla ya malaria, kabla ya malale, kokisidia wa sungura alishaonekana. Nilijisikia vizuri kidogo kujua kwamba niko kwenye foleni ndefu.

Kijana akabadilisha kioo.

"Na huyu ni nani?"

"Mama yao. Huyo mzima."

Akazungusha ile gurudumu ya pembeni, akanyamaza, akasogea. "Anavyo na yeye."

Vichache. Kimoja hapa, kingine kule, ukizungusha zungusha unapata cha tatu. Lakini vilevile. Umbo la pea, kola.

Bi Mkubwa alikuwa na ugonjwa uleule, ila hakuwa mgonjwa.

## Kwanza niliwasingizia wanachokula

Sungura anakula kinyesi chake, kile laini cha usiku, anakipokea moja kwa moja kutoka nyuma kwa mdomo. Basi mimi nikajenga kesi yangu yote hapo. Nikasema si ndo hiyo, wanajiambukiza wenyewe, natafuta namna ya kuwazuia. Nilifikiria hadi kuwavalisha kola za karatasi ngumu shingoni. Nilikata moja nikaijaribisha kwa Bi Mkubwa. Akaila.

Kumbe nilikuwa nimeshika njia siyo. Lile yai linapotoka halijaiva. Linahitaji hewa, unyevu na joto, siku moja mpaka kama nne kutegemea aina na hali ya hewa, ndo lile donge la ndani linajigawa mara nne, na kila kipande kinakuwa na viwili ndani yake, jumla vinane, vikisubiri kumezwa. Kile kinyesi cha usiku kinaliwa cha moto kabla ya yote hayo. Hakina kosa. Na ukimnyima anakosa vitamini na protini zake.

Kosa ni kinyesi kilicholala siku tatu kwenye sakafu.

Hapo nikachukua kalenda. Yule mwenye umbo la pea, anayechukuliwa kuwa mmoja wa wabaya zaidi, tangu amezwe mpaka mayai mapya yaanze kutoka ni kama siku nane au tisa, na vifo vinakuja siku hizohizo na zinazofuata. Nikahesabu kurudi nyuma kutoka Jumapili ya kifo cha kwanza. Siku nane.

Jumamosi.

Jumamosi ile ndo niliwaachisha kunyonya. Nilikuwa na haraka ya kumpandisha mama tena, wakiwa na siku 28 nikawatoa mmoja mmoja kwa mkono nikawahamishia banda lenye sakafu ya mbao ambalo mwezi uliopita lilikuwa la sungura wengine, na nilikuwa nimelisafisha. Nilifagia. Nikamwaga dawa ya maji inayonukia hospitali. Yale mayai yakishaiva hizo dawa za kawaida ni kama kuyaogesha. Wanaoyatunza maabara huyahifadhi kwenye kemikali ya rangi ya chungwa inayoua bakteria wote na yenyewe yanabaki hai yanasubiri. Yanayoyashinda ni maji yanayochemka, moto na ukavu wa jua kali.

Mikono yangu ndo iliwaweka pale.

## Utumbo unavyojiokoa

Siku chache nilikaa na hilo tu. Alafu nikaanza kujiuliza kitu kingine, hivi wanakufa na nini hasa? Maana kidudu chenyewe kinakaa ndani ya seli za ngozi ya utumbo, kinazaliana, kinapasua seli, kinatoka, kinaingia nyingine. Sawa, inauma, inaharibu, ila utumbo unajitengeneza upya kila siku chache. Mbona kitoto kinakauka ndani ya siku mbili?

Nilipokuta jibu nilisoma mara tatu.

Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ikishachunika, vile vidole vidogo vinavyofyonza chakula vinafupika, maji na sodiamu ambavyo vilitakiwa kurudi kwenye damu vinateremka chini pamoja na kinyesi. Mwili unaliona hilo. Utumbo mpana, ule wa mwishoni ambao haujaguswa na ugonjwa, unaanza kufanya kazi ya ziada ya kurudisha ile sodiamu. Na unafanikiwa, kwa kiasi kikubwa. Lakini haupewi bure, kwa kila sodiamu inayoingia unatoa potasiamu. Inatoka, inatoka, mpaka potasiamu kwenye damu inashuka chini kabisa, na bila potasiamu misuli haikazi, na moyo nao ni msuli. Watafiti Wafaransa, kina Licois na Coudert, walilipima hili miaka ya 1970.

Yaani mwili unaziba tundu moja kwa kutoboa lingine.

Nikamkumbuka wa nne. Huyu hakuwa anasaga meno. Alilaza kidevu kwenye mbao, nikamwinua kichwa kikarudi palepale, shingo laini kama kitambaa, macho yapo wazi yananiangalia. Nilidhani amekata tamaa. Alikuwa ameishiwa potasiamu.

Na ongeza kwamba akiumwa anaacha kula. Kwa mbwa hiyo siyo kesi, anafunga siku mbili anapona. Sungura asipokula nyuzinyuzi utumbo unasimama, chakula kinakaa pale kinachacha, gesi inajaa, bakteria ambao siku zote ni wapole wanaongezeka na kuwa wakorofi. Lile tumbo la puto ndo hilo. Ukimfungua unakuta mambo matatu yamemuua na huwezi kusema lipi lilianza.

Jeshi la kinga lipo, lakini linachelewa. Kwa sungura ambaye hajawahi kukutana na huyu kidudu, zile chembe nyeupe zenye kazi ya kuua seli zilizovamiwa zinakuja kujaa vizuri kwenye ukuta wa utumbo wiki ya pili. Wangu walikuwa wameshakufa siku ya kumi.

## Wiki ya katikati

Sasa kwa nini hawakuugua wakiwa na mama? Banda la mama nalo halikuwa safi kihivyo, na tumeshaona alikuwa anamwaga mayai kila siku.

Watoto wanaonyonya tu, wiki tatu za mwanzo hivi, kokisidia haiwashiki. Maziwa ya sungura ni kitu cha ajabu, mama ananyonyesha mara moja kwa siku, dakika tatu nne, basi, anaondoka kama hajazaa, lakini ni mazito, na mafuta yake yana asidi zinazowanyima bakteria nafasi tumboni. Wakati wanakunywa hayo, mwili unajenga kinga yao wenyewe.

Na inajengwa wapi? Tumboni. Hapa ndo nilipompenda sungura upya. Zaidi ya nusu ya tishu zake za kinga ziko kwenye utumbo. Kidoletumbo chake, hiki ambacho sisi tukisikia kimeuma tunakimbilia kukikata, kwake ni kinene, kirefu kuliko kidole cha kati cha mtu mzima, na katika miezi yake miwili ya kwanza ndo humo seli zinazotengeneza kingamwili zinachanganya na kubadilisha vinasaba vyake ili zipate aina nyingi za kutosha kumtambua adui yeyote. Na zinahitaji bakteria wa tumboni ili zifanye hivyo. Watafiti walijaribu kukifunga kidoletumbo cha kisungura kichanga bakteria wasipite, zile aina zikabaki chache.

Hawafundishwi na usafi.

Basi kuna wiki moja au mbili pale katikati, maziwa yanapungua, meno yameanza kushika majani na kila kilicholala sakafuni, na kinga yao wenyewe bado inajipanga. Mimi nikachagua siku ya 28, nikakata maziwa kwa mkupuo, nikawapa sakafu chafu, chakula kipya na msongo wa kutenganishwa, vyote asubuhi moja.

Bi Mkubwa yeye alishapita hapo zamani, kwa aliyeniuzia. Sijui ndugu zake walibaki wangapi. Sasa hivi kile kidudu kikiingia kwake kinafika mlangoni kinakuta walinzi wanamjua kwa sura, vingi havifiki mbali, vichache vinapenya na kumaliza mzunguko na ndo vile viwili vitatu nilivyoviona kwenye kioo. Na wanamjua mmoja mmoja kweli. Kinga ya aina moja haimsaidii dhidi ya nyingine, mwenye kola ni mwenye kola na pea ni pea. Tena kuna aina zinazofundisha haraka, hiyo ya pea ni mojawapo, ni katili lakini ukipona umepona, na kuna nyingine zinafundisha kwa shida, mnyama anarudiwa na kurudiwa.

## Nikapata nadharia, ikadumu siku mbili

Nikawa mtu wa kuboa. Nikawa namwambia kila mtu kuwa mwili ukifundishwa mapema unaweza yote. Nilimwambia mpaka mzee jirani yangu niliyekuwa nimempelekea mbolea, akanisikiliza kwa adabu yote, alafu akauliza, "Na minyoo je, mwanangu? Mbona mbuzi wangu mzee ndo mwenye minyoo kuliko wadogo?"

Sikuwa na jibu, nikarudi kusoma, na nikaishia Uskoti, Perthshire, ambako toka 1977 kuna mtu anaitwa Brian Boag aliyekuwa anachunguza sungura pori kila mwezi, miaka nenda rudi, anahesabu minyoo tumboni mwao. Baadaye Isabella Cattadori wa Chuo Kikuu cha Penn State na wenzake wakazichambua zile hesabu, wakafanya na majaribio kwenye maabara.

Sungura wale wana aina mbili kuu za minyoo. Mmoja wa utumbo mwembamba, Trichostrongylus retortaeformis. Huyu anapanda kwa watoto, anafika kilele, alafu sungura akikua anashuka, mwili umeshamkataa, na hata anayebaki anakuwa mfupi na mayai machache. Yaani hadithi yangu kabisa, ningeweza kuiishia hapo nikashinda.

Wa pili anakaa tumboni kwenyewe, kwenye mfuko wa chakula, Graphidium strigosum. Huyu kadri sungura anavyozeeka ndivyo anavyoongezeka. Na siyo kwamba mwili haumwoni! Kingamwili zinatengenezwa, tena nyingi, zinapimika kwenye damu, na mnyoo anaendelea kukaa kama mpangaji aliyepewa notisi akaitumia kufungia vitumbua. Sungura yuleyule, kinga ileile, hatua chache tu kati ya tumbo na utumbo.

Nikamrudia mzee nikamwambia shikamoo, na kwamba mbuzi wake wako sawa na sungura wa Uskoti. Akafurahi sana, nadhani hakuelewa, na mimi sikueleza vizuri.

Ila nadharia yangu ilikufa pale kwenye kiti chake cha kamba. Mwili haujifunzi kila kitu. Kuna anayefukuzwa, kuna anayezuiwa mlangoni, kuna anayepigiwa kelele na kuachwa. Na ukiwa nje ya ngozi huwezi kujua ni yupi. Unaona tu sungura anatafuna majani ya viazi.

## Uchafu kiasi gani?

Hapa ndo nilikwama kuliko kote. Kama watoto wanahitaji kukutana nacho ili wakijue, nikisafisha sana si nawanyima? Na nisiposafisha nawaua, nimeshafanya hivyo, watano.

Wafaransa waliojaribu chanjo miaka ya 1990 walikuwa wanacheza humohumo. Walichagua vidudu vya kizazi chenye haraka, vinavyomaliza mzunguko mapema kabla havijazaliana sana, vinafundisha bila kubomoa, na kwa aina ile ya kola walipulizia tu kwenye kiota, watoto wakiwa bado na mama yao. Bado wananyonya! Niliposoma hilo niliinuka nikatembea chumbani. Kukutana na adui kidogo, mapema, ukiwa bado na maziwa tumboni. Kwa duka la pembejeo la kwetu chanjo hiyo haipo, kuna dawa za salfa na amproliamu, na hizo ukishaona kuhara umeshachelewa nusu ya safari, zinazuia kidudu kisizaliane ila utumbo uliochunika hazikushonei.

Nilimuuliza bwana mifugo, je nikiwaachia mama na watoto kinyesi kidogo makusudi? Alicheka hadi akavua miwani. "Wewe fanya usafi dada, uchafu utajileta wenyewe."

Kwa hiyo nikang'oa mbao nikaweka wavu, kinyesi kidondoke chini. Maji ya kuchemsha kila Jumamosi, sufuria lile kubwa la shughuli, alafu banda linaanikwa juani. Nyasi kavu zipo muda wote. Na uzao uliofuata, saba, niliwaacha na mama mpaka siku ya 40, nilipowatenganisha nikamtoa yeye, wao wakabaki palepale walipopazoea. Mume wangu anasema nimempunguzia mama uzazi mmoja kwa mwaka. Ni kweli, na pesa yake naiona.

## Mwenye doa

Siku ya 44 mmoja akaharisha. Mwenye doa jeusi sikioni.

Nilikaa chini pale bandani na ndoo nimeipindua nimeikalia, nikamhesabia kwa vidole, siku ya 40 kutoa nane, sivyo, siku ya 44 kutoa nane, siku ya 36, alikuwa bado na mama. Nikampa maji, nikamwekea nyasi mdomoni karibu kabisa na pua. Alinusa akageuka. Sikwenda kwenye harusi ya binti wa shangazi na sijaomba radhi vizuri mpaka leo.

Jioni alikaa vilevile, kajikunja. Sikusikia meno.

Usiku niliamka mara mbili. Mara ya pili, kama saa tisa, nikasikia krrp, krrp, krrp, nikajua ndo anasaga sasa, nikashindwa kuwasha tochi. Nilisimama gizani muda fulani. Nikawasha. Alikuwa na unyasi mrefu mdomoni, unaingia kidogo kidogo kama karatasi kwenye printa, anatafuna.

Baada ya siku mbili zikaja gololi za kwanza, kavu, ndogo kuliko kawaida. Nikaziweka kwenye kibiriti. Kijana wa maabara akaniona mlangoni akaanza kucheka kabla sijasema kitu, akachukua kinu, chumvi, chujio lake la chai. Robo saa. Akachungulia, akazungusha, akachungulia tena.

"Hiki ni cha mama au cha mtoto?"

"Cha mtoto."

"Mm," akasema, akanisogezea kiti. "Njoo uone, kama cha mama yake."